Mhimili Uliopungua Inchi Sita

Wiki iliyopita mliniacha uani nimelowa chapachapa, bomba la maji limepasuka, na mke wangu ananicheka kutoka dirishani. Bomba limeshazibwa. Shimo nililochimba mahali pasipo pake limeshafukiwa. Na yule jirani aliyekuwa ameacha kunisalimia, sasa ananisalimia, ila kwa kunyanyua kidole kimoja tu.

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, mimi ni fundi cherehani, nashona suruali. Mke wangu naye ni fundi cherehani, anashona magauni. Miaka ishirini na sita ya ndoa, cherehani yangu iko sebuleni, yake iko kibandani kwake sokoni. Jioni tunakutana kama watu wa ofisi mbili tofauti. Mwaka huu tukasema basi, tuongeze nyumba kwa nyuma, cherehani zote mbili zikae chumba kimoja.

Kuongeza nyumba kwa nyuma maana yake ni kubomoa ukuta wa sebule. Na ukuta huo ndio uliobeba dari ya zege, na juu ya dari ndiko tunakolala. Ukiutoa ukuta, lazima uweke mhimili wa chuma badala yake, la sivyo utaamkia sebuleni ukiwa bado kitandani.

Haya. Balaa zote nilizowasimulia mpaka leo zilinikuta tu. Hili la leo nililitengeneza mwenyewe, kisha nikalitia mfukoni na kutembea nalo siku tano.

Nianze na Cheche.

Cheche ni kijana anayechomelea vyuma, karakana yake iko mtaa wa pili. Jina lake halisi nimelijua juzi juzi tu. Anampenda binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ambaye tunamwita Mdoli tangu utotoni ingawa sasa ni mwalimu wa hesabu na wanafunzi wanamwogopa.

Siku aliyokuja kusema neno lake, nilimtazama kuanzia chini kwenda juu, maana ndivyo ninavyomtazama kila mtu. Suruali iliishia juu ya vifundo vya miguu. Pindo la mguu wa kulia lilikuwa limefumuka.

"Baba," akasema, "nampenda binti yako."

"Na hilo pindo?"

"Pindo gani, Baba?"

Hakujua hata kama lina tatizo! Kijana anakuja kwa fundi suruali kuomba binti, pindo linaburuza uzi, na yeye hana habari. Moyo wangu ukagoma palepale.

Mke wangu alimpenda tangu siku hiyo. Mdoli ndiyo usiseme. Nikabaki peke yangu na pindo langu.

Basi nikatafuta njia ya kukataa bila kuonekana nimekataa. Fundi mwashi wetu alipotuambia tunahitaji mhimili, nikamwita Cheche mbele ya mke wangu na binti yangu.

"Wewe si fundi wa vyuma?"

"Ndiyo, Baba."

"Utanikatia mhimili huo. Ukikaa sawasawa, mjomba wako aliyeleta posa aje Jumamosi itakayofuata achukue jibu la ndiyo. Usipokaa, asijisumbue."

Mke wangu akanitolea macho. Cheche akatabasamu mpaka masikioni.

"Utakaa, Baba."

Kilichobaki kilikuwa kipimo. Fundi mwashi, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi Polepole, alitaka kupima mwenyewe. Nikamzuia.

"Miaka thelathini napima watu," nikamwambia. "Wanapumua, wanajikuna, wanavuta tumbo ndani ili waonekane wembamba. Nitashindwa kupima ukuta ambao umetulia?"

"Haya," akasema Fundi Polepole, akaketi juu ya ndoo. Yeye hapendi kubishana, kwa sababu kubishana kunataka haraka.

Nikachukua tepu yangu. Tepu hiyo niwaeleze, maana kesi nzima imelala hapo.

Ni tepu ya fundi cherehani, ya inchi sitini, laini kwa uzee. Ndiyo niliyompimia mke wangu siku ya kwanza kabisa, alipokuja kibandani kwangu kushonewa suruali ya kazi. Mdoli alipokuwa na miaka minne aliichukua, akachukua na mkasi, akakata inchi mbili za mwanzo ili amfunge mwanasesere wake mkanda. Ndipo alipolipata hilo jina. Tepu yangu tangu siku hiyo inaanzia kwenye mbili.

Mtu mwingine angeitupa. Mimi siitupi, nimeshasema nilimpimia nani. Ukipima nayo kitu, unatoa mbili tu, basi.

Nikapima ukuta ule Jumapili, mke wangu akiwa kwa dada yake. Uwazi, pamoja na inchi nane kila upande ambazo mhimili unatakiwa ulale ndani ya ukuta. Tepu ililala mara tatu, kwa hiyo nikatoa mbili mara tatu, sita. Nikapata inchi mia moja sitini kamili. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi, nikaweka mezani. Mke wangu aliporudi akasema mwandiko wangu ni kama nyayo za kuku, akauandika upya vizuri kwenye karatasi nyingine, na kesho yake akampitishia Cheche akienda sokoni.

Siku saba baadaye, Jumatatu, mhimili ukafika.

Uchochoro wetu haupitishi gari, kwa hiyo watu wanane waliubeba mabegani kutoka barabarani, Cheche mbele, na Fundi Polepole akitembea pembeni akisema taratibu, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Kwenye kona ya geti, wabebaji wa mbele walishaingia uani kwangu na wa nyuma bado walikuwa wamesimama katikati ya maua ya jirani. Jirani alitoka na kile kidole chake, na safari hii hakikuwa cha salamu.

"Tunapita tu, mzee!" wakamwambia.

"Mnapita juu ya nini?"

"Juu ya haya ya njano!"

Watu walicheka mpaka mhimili ukatikisika. Nilikuwa na furaha siku ile, sitasema uongo. Sebuleni ukuta ulishabomolewa tangu asubuhi, dari imeshikiliwa na nguzo za miti kumi na mbili, na mwanga wa nyuma ya nyumba unaingia mpaka mlango wa mbele. Nikaanza kuona cherehani mbili mahali pale. Nikaanza hata kuona pindo la Cheche si kubwa hivyo.

Wakaupandisha. Upande wa kushoto ukaingia kwenye ukuta, upande wa kulia ukaingia. Watu wakashangilia.

Fundi Polepole hakushangilia. Alipanda ngazi ya kushoto, akatazama. Akashuka. Akapanda ya kulia, akatazama. Akashuka. Akatoa chaki sikioni, akairudisha sikioni.

"Mzee," akaniita.

"Naam."

"Mhimili wako ni mfupi."

"Mfupi kivipi?"

"Inchi tano upande huu, tano upande ule. Nilisema nane. Sita hazipo."

"Haziwezi kutosha hizo tano?"

"Zinaweza," akasema, "kama wewe ndiye utakayelala huku chini na mimi nikalala kwangu."

Watu wanane waliacha kucheka. Mimi nikageuka kumtafuta Cheche, na hapo ndipo ulimi wangu ulipokatika kamba.

"Wewe! Kuchezea moto kutwa nzima, hujajifunza kuhesabu?"

"Baba, nimekata kilichoandikwa."

"Nimeandika mia moja sitini kwa mkono wangu huu!"

"Kwangu haikufika mia moja sitini."

"Kwa hiyo mimi mwongo?"

Cheche akafungua mdomo. Akautazama mlango wa jikoni, ambako Mdoli alikuwa amesimama na sinia la glasi za maji kwa ajili ya wabebaji. Akaufunga mdomo.

"Samahani, Baba," akasema.

"Samahani haishiki dari! Kamwambie mjomba wako asijisumbue Jumamosi. Mtu asiyejua kupima chuma atapimaje maisha ya mwanangu?"

Maneno matamu hayo, niliyasikia yakitoka nikayapenda. Mdoli aliweka sinia chini polepole, glasi moja haikugonga nyingine, akaingia chumbani. Afadhali angelipiga chini.

Na nikiri kabisa: nilifurahi kidogo. Nilikuwa nimeshinda. Pindo lilikuwa limeshindwa.

Furaha hiyo haikumaliza robo saa.

Nilikwenda nyuma kwenye tangi la maji kunawa uso. Cheche akanifuata. Akaangalia huku na huku, akatoa karatasi iliyokunjwa, ina madoa ya mafuta na tundu dogo la kuungua.

"Baba, hii sikutaka kuitoa mbele za watu."

Nikaikunjua. Mhimili wa sebule, inchi mia moja hamsini na nne. Mwandiko ulikuwa wa mke wangu. Nne yake ina mkia, naijua hata gizani.

"Ni Mama aliyeandika," akasema Cheche kwa sauti ya chini. "Labda aliteleza tu. Naomba asijue. Wewe na watu wote semeni mimi ndiye niliyekosea, hainidhuru. Mimi nimezoea kuungua."

Akaondoka.

Nikabaki na karatasi, maji yananichuruzika kidevuni. Mia moja sitini. Mia moja hamsini na nne. Sita.

Mke wangu hakuteleza.

Ngoja niwaeleze tunavyofanya kazi. Akija mteja nyumbani na mke wangu yupo, mimi napima, yeye anaandika. Mimi nasoma tepu kama ilivyo, yeye anatoa mbili kichwani, anaandika. Hatusemezani. Miaka ishirini na zaidi tumefanya hivyo, yeye anatoa mbili kama wewe unavyopepesa macho. Jumapili ile hakuwepo, kwa hiyo mimi nikatoa mwenyewe. Jioni akaona namba yangu, akajua ni tepu ile, akajua kwa urefu ule lazima imelala mara tatu, akatoa sita. Sita juu ya sita nilizokwisha kutoa.

Hakuna ndoa nyingine hapa duniani ambayo ingeweza kukata mhimili kwa kosa kama hilo.

Kosa lilikuwa langu. Nilivunja utaratibu wa nyumba yangu na sikumwambia mwenzangu. Nilichotakiwa kufanya ni kurudi sebuleni, mbele ya wale wale wanane, niseme: kijana hana kosa. Maneno matatu. Hata mtoto angeyaweza.

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfuko wa nyuma wa suruali.

Kwa nini? Nimejiuliza wiki nzima. Wanane walikuwa wameshanisikia. Fundi Polepole alikuwa amenisikia nikijigamba habari za watu wanaopumua. Na nilikuwa nimeshatamka lile neno la kupima maisha, neno zuri, na sikutaka kulirudisha. Aibu ndogo tu, ndugu wasomaji. Nilimwacha kijana wa watu aibebe aibu yangu kwa sababu mimi niliiona nzito.

Mke wangu akarudi jioni, habari zimeshamfikia sokoni.

"Nasikia umemfokea mtoto wa watu."

"Kakata vibaya."

"Cheche? Cheche huyu ambaye akitengeneza bawaba anaipima mara mbili?" Akakaa, akavua viatu. "Mbona niliandika vizuri."

"Uliandika vizuri," nikasema.

Na uchungu wake ni kwamba nilisema kweli. Alikuwa hajui. Angejua vipi? Nani anakumbuka amepepesa macho?

Usiku huo Mdoli hakula na sisi.

Kuanzia Jumanne tuliishi kama wanyama wa msituni, nguzo kumi na mbili katikati ya sebule, na nyingine nne alizoongeza Fundi Polepole kwa ajili ya usalama. Mteja mmoja alikuja kujaribu suruali, akaivalia nyuma ya nguzo, tumbo likionekana upande huu na makalio upande ule. Mimi na mke wangu tulipanda kulala kwa kunyata. Nikigeuka kitandani ananinong'oneza, "Usitikisike, Baba Mdoli, uko juu ya nguzo ya saba."

Karatasi ile niliihamisha kila siku. Mfuko wa nyuma, mfuko wa mbele, mfuko wa shati. Nimeshona mifuko maisha yangu yote na sikupata mmoja wenye kina cha kutosha.

Kuhusu mhimili, Cheche alituma ujumbe kwamba yuko tayari kuunga kipande. Fundi Polepole akatikisa kichwa.

"Huu unabeba watu. Hauwekwi kiraka."

Hapo nikapata akili ya fundi cherehani, angalau moja kwa wiki nzima.

"Mteja akileta kitambaa kifupi," nikamwambia, "sikivuti kitambaa. Napunguza vazi."

"Enhe?"

"Tusiufuatishe mhimili ukuta. Tuufuatishe ukuta mhimili. Tuongeze inchi tatu za zege huku na tatu kule, uwazi upungue."

Fundi Polepole alifikiri mpaka nikadhani amesinzia.

"Inawezekana," akasema. "Ila cherehani zenu zitabanana. Zitasogeleana inchi sita."

Mke wangu alikuwa akipita na beseni.

"Hizo inchi sita sizikatai," akasema, akaendelea na safari yake. Uso uliniwaka kama kijana.

Mhimili ukashushwa, zege likamwagwa siku hiyo hiyo, na nondo ndani yake zikafungwa kwenye ukuta wa zamani. Likapewa siku za kukauka, na Jumamosi asubuhi ikawa siku ya kuupandisha tena.

Sikutarajia kumwona Cheche. Saa mbili kamili alikuwa getini, ana jeki mbili za gari, bati za chuma za kuweka chini ya mhimili, na wale wanane nyuma yake. Na amevaa suruali mpya, pindo limekaa kama limechorwa. Nilimtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari.

"Nilisema mjomba wako asijisumbue," nikamwambia Cheche.

"Mjomba ni mjomba, Baba. Mimi nimekuja kwa ajili ya mhimili. Mnalala juu ya kazi yangu."

Karatasi ilinichoma mfukoni, kisha nikakumbuka haikuwa mfukoni. Nilikuwa nimebadilisha suruali.

Walifanya kazi vizuri kuliko ninavyoweza kuwasimulia. Jeki ikipanda kidogo kushoto, inapanda kidogo kulia. Fundi Polepole juu ya ngazi na pima maji, jicho moja limefumbwa. Cheche anasukuma bati chini ya ncha, anatoa, anasaga kidogo, anarudisha. Saa sita mchana kile kipovu cha pima maji kikasimama katikati.

"Umekaa," akasema Fundi Polepole.

"Inchi nane?" nikauliza.

"Nane huku. Nane kule."

Wakaanza kutoa nguzo, moja moja. Ilipotoka ya mwisho sote tulinyanyua macho. Dari haikusema kitu. Mke wangu alipiga kigelegele kimoja kirefu, na jirani akachungulia juu ya ukuta akanyanyua vidole vitano vyote.

Mdoli peke yake hakushangilia. Alikuwa ukumbini, anapiga pasi nguo za wiki. Za kwangu zilikuwa juu kabisa ya rundo.

Saa kumi mjomba wa Cheche akafika.

Ni mzee mrefu, amevaa koti, karani mstaafu wa mizani ya ghala. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mtu wa kuhakikisha kinachotamkwa kwenye mizani ndicho kinachoandikwa daftarini. Hakuketi. Alisimama chini ya mhimili wetu mpya, na Cheche, ambaye alikuwa bado ananawa grisi mikononi, akaja kusimama kando yake.

"Sikuja kuchukua jibu," mzee akasema. "Jibu nililetewa Jumatatu. Nimekuja kuchukua maneno yangu niliyoyaleta nyumba hii, niondoke nayo. Kijana wangu ameambiwa hajui kupima, mbele ya watu wanane. Kwetu hilo ni tusi."

"Mjomba, mhimili umekaa," mke wangu akasema haraka. "Tazama mwenyewe."

"Umekaa kwa kuongezwa ukuta, Mama. Nimeambiwa."

Mke wangu akanigeukia. Macho yake yalikuwa yananiomba niseme neno. Nilijikohoza. Neno likakwama pale pale lilipokwama Jumatatu.

Ndipo Mdoli akaingia. Tepu ya zamani ilikuwa shingoni mwake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla hujaondoka, nikae nawe dakika mbili tu. Baba, nipime."

"Nikupime nini sasa hivi?"

"Gauni."

"La nini?" mke wangu akauliza, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye daftari la wateja. Ndivyo alivyo. Akisikia kupima, anashika kalamu.

"Nitasema tukimaliza," Mdoli akasema, akanyanyua mikono yake pembeni kama mteja.

Alipoinyanyua nikaona, katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, kipande cha karatasi chenye madoa ya mafuta na tundu dogo la kuungua.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amepiga pasi suruali yangu.

Sikuwa na pa kwenda. Nilichukua tepu shingoni mwake, nikaizungusha kiunoni. Niliwahi kuuzungushia mwili ule tepu hii hii akiwa na siku arobaini, kwa kujifurahisha tu. Ncha ikakutana na namba.

"Kiuno," nikasoma. "Thelathini na mbili."

Kalamu ya mke wangu ikaandika.

Mjomba wa Cheche aliinama. Hakuwa na nia mbaya, nadhani, ni kazi yake ya miaka mingi tu. Alitazama daftari, akanitazama mimi, akatazama daftari.

"Samahani, Mama," akasema. "Mzee ametamka thelathini na mbili. Wewe umeandika thelathini."

"Eeh, ndivyo tunavyofanya," mke wangu akajibu bila kuinua kichwa. "Tepu yake imekatika mwanzo. Yeye anasoma, mimi natoa mbili. Siku zote."

Kisha kalamu ikasimama.

Akainua kichwa taratibu. Hakunitazama mimi kwanza. Alitazama juu, kwenye mhimili, akaufuata kwa macho kutoka ukuta wa kushoto mpaka ukuta wa kulia. Halafu akanitazama.

"Baba Mdoli."

"Naam."

"Jumapili ile. Ulikuwa umeshatoa?"

"Mama, mimi ndiye niliyekosea," Cheche akaruka. "Nilikata bila kuuliza..."

"Nyamaza, mwanangu," mke wangu akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele yangu. "Nimemuuliza baba yako."

Mdoli aliishusha mikono. Akaiweka ile karatasi juu ya daftari, wazi, mbele ya mama yake na mbele ya mjomba. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananitazama vile vile alivyonitazama siku ile ya mkasi, akiwa na miaka minne, anasubiri aone nitafanya nini.

"Gauni ni la harusi au la kuihama nyumba hii," akasema. "Andika utakalosikia kwa Baba, Mama."

Nilikuwa bado nimeshika tepu, ncha moja mkono huu, nyingine mkono ule, na binti yangu katikati. Mjomba alikuwa ameshageuka nusu kuelekea mlangoni.

"Mzee mwenzangu," nikasema. "Usiondoke. Kaa."

Akasimama pale pale, mkono kwenye kifungo cha koti.

"Nikae nisikie nini?" akauliza, na hakukaa.